Dunia nzima ipo kwenye kompyuta, sasa unaruka wapi?

Mi nilianza kurusha ndege za kwenye kompyuta mwaka 2019, na simyuleta inaitwa FlightGear, programu ya kurusha ndege, kwasababu ni ya bure na mashine niliyokuwa nayo wakati ule ilikuwa ya kuandikia barua tu. Nimemaliza kuiweka, ikaja sehemu ya kuchagua kiwanja cha kuondokea, maelfu ya viwanja, dunia nzima, nikabaki natoa macho kama mtu kaingia hoteli kubwa mfukoni ana buku mbili. Unajua nilichagua wapi? Lukla, Nepal. Nilikuwa nimeangalia video zake usiku kucha nikajiona na mi naweza.

Kwa asiyeijua, Lukla ndo wanaposhukia watu wanaokwenda Everest. Kiwanja kipo mita 2,845 juu, njia ya kurukia ina mita 527 tu, tena imelala mteremko, mwanzo wake korongo na mwisho wake ukuta wa mlima, kwaiyo ukishaingia umeingia, hamna kusema ngoja nizunguke nirudi. Na mi muda huo hata flapsi, vile vibao vya nyuma ya mabawa, sijui zinashushwa na kitufe gani. Nilianguka mara kumi na moja (nilihesabu), ya kumi na mbili nikatua kweli ila magurudumu yakiwa yanaangalia mbinguni. Nikazima kompyuta. Nikakaa miezi miwili siigusi.

Aliyenirudisha ni jamaa yangu mmoja fundi viyoyozi, hajawahi kugusa simyuleta maisha yake yote. Nilikuwa namlalamikia kwamba ile kitu ngumu, akaniuliza, "Kwani gari we ulijifunzia wapi?" Nikamwambia uwanja wa mpira wa shule, jioni watoto wakishaondoka. "Sasa ndege unaenda kujifunzia Himalaya ndugu yangu?" Nikacheka ila iliniingia.

Nikarudi nikachagua Dar kwenda Zenji. Yani kama kuna mtu anaanza leo akaniuliza, namwambia hapo hapo, aache mengine yote. Kiwanja cha Dar kipo karibu na usawa wa bahari, njia kubwa ina mita 3,000, unaweza kukosea kushika kati ukarekebisha ukakosea tena na bado lami ipo. Ukipaa unageuza pua kaskazini, na ni kaskazini kweli, maana Zenji imekaa karibu juu kabisa ya Dar ukiangalia ramani. Kulia unaviona visiwa vya Bongoyo na Mbudya, kushoto pwani inakwenda mpaka Bagamoyo, hata ukisinzia hupotei. Ni kama kilomita 73 tu, na Cessna 172, ndege ndogo ya watu wanne, inayokwenda kama kilomita 200 kwa saa ni dakika ishirini na kitu, hujachoka, hujaboreka, umeshaanza kushuka.

Ila kilichonifanya niipende ile njia ni upepo. Mi nawasha hali ya hewa ya kweli, ile inayovutwa mtandaoni. Sasa njia ya kurukia ya Zenji imelala kaskazini na kusini, na ndege inatakiwa itue inautazama upepo. Msimu wa kaskazi, kuanzia kama Desemba mpaka Machi, unatoka Dar unanyoosha unatua moja kwa moja bila hata kukata kona, ule upepo unakusukuma kidogo tu kutoka kulia. Ikiingia kusi mambo yanageuka, unakipita kiwanja kipo kulia kwako unakitazama hivi, unaendelea juu ya maji, afu unakata kulia, Mji Mkongwe unakupita chini, unakata kulia tena unarudi unatazama ulikotoka. Kiwanja kilekile, safari ileile, lakini mwezi wa pili na wa saba ni mitihani miwili tofauti. Mi nimekua nasikia wavuvi wanasema kaskazi, kusi, nikijua ni maneno ya kwenye majahazi tu, kumbe hata rubani anayetua Zenji anaishi nayo. Ile safari nimeirudia labda mara sitini. Kutua nilijifunza pale.

Mwaka 2021 nikapata kompyuta ya maana kidogo, mtumba lakini inajitahidi, nikahamia kwenye simyuleta ya kisasa ile inayovuta picha za setilaiti kwenye mtandao. Na hapo ujinga ukanirudia upya. New York, London, Tokyo, kila nilipoona video mtu kapita katikati ya maghorofa na mi niko huko. Sasa kule majengo yanashuka moja moja kutoka mtandaoni kwa umbo lake halisi, kwaiyo vitu viwili vinakufa kwa pamoja, kompyuta na bando. Juu ya Manhattan nilikuwa napata fremu, yani picha, kumi na mbili tu kwa sekunde, ndege inakwenda kwa kurukaruka kama chura, unageuza usukani leo inageuka kesho. Bando la wiki likaisha siku ya pili. Mke wangu akawa anauliza hivi hii intaneti humu ndani inanyweka na nani.

Jioni moja nikasema ngoja niende Serengeti nipumzishe mashine, nikapaa Seronera, loo, laini kama siagi. Nyasi, miti, mto, basi, kompyuta haina cha kubeba. Tangu siku ile kabla sijachagua pa kwenda nakumbuka kwanza mashine yangu ni ya namna gani. Wenye kompyuta za milioni nane waende New York, sisi wengine tuna mbuga, bahari na jangwa, na wala sioni kama tumepunjwa, maana kwa ndege ndogo raha yenyewe ni ardhi, maghorofa ukishayapita mara mbili umeyamaliza.

Jambo lingine lililonichelewesha ni jua. Mi nauza spea za pikipiki Kariakoo, narudi nyumbani Kimara usiku, mpaka nimekula nimeoga ni saa nne. Nikikaa nikiweka muda wa kweli, Tanzania nzima giza. Unapaa Dodoma usiku, ukishatoka kwenye taa za mji ni weusi mtupu, hujui chini ni pori au kijiji kilicholala. Unaweza ukabadilisha saa ya simyuleta ukaweka mchana, ni kweli, lakini mi nina ugonjwa wa kutaka kila kitu kiwe cha kweli, na ukibadilisha saa unahisi unadanganya, sijui kama mnanielewa.

Ndo nikaanza kujiuliza, saa nne usiku ya huku jua lipo wapi? Marekani. New York kipindi cha kiangazi chao inakuwa saa tisa mchana, na Alaska ni saa tano asubuhi, mwanga safi kabisa. Alaska sikuwahi kuiwaza maisha yangu yote, kijana wa Kibosho na barafu wapi na wapi, lakini jua ndo likanipeleka. Kuna safari ya Juneau kwenda Skagway, kama kilomita 130, unafuata mkono mrefu wa bahari ulioingia kati ya milima ya theluji, kulia ukuta kushoto ukuta, chini maji, kazi yako ni kukaa katikati tu. Barabara hamna, we fuata maji. Kwa mtu ambaye vifaa vya kuongozea bado vinamchanganya ile ni zawadi. Mara ya kwanza nimebakiza kama dakika kumi kufika umeme ukakatika, nikakaa gizani Kimara na jua la Alaska bado lipo machoni. Nilirudi kesho yake nikaanza Juneau upya.

Kwenye urefu wa kiwanja kutoka usawa wa bahari sitakaa sana, nitasema tu aibu yangu ya Wilson, Nairobi. Nikajaza matenki yote mawili, nikaweka na abiria watatu, saa nane mchana, jua kali. Kirungu chekundu cha kupunguza mafuta yanayoingia kwenye injini nikakiacha kimesukumwa mpaka mwisho kama nilivyozoea Dar. Wilson ipo futi 5,500 na kitu juu ya bahari, na joto likifika nyuzi 27 hewa inakuwa nyepesi kiasi kwamba kwa ndege ni kama ipo zaidi ya futi 8,000. Injini inakosa hewa, bawa linakosa hewa, na mi namwaga mafuta ya Dar es Salaam. Ikakimbia, ikakimbia, ikanyanyuka kidogo kama kuku, ikashindwa. Nikaishia kwenye nyasi za Hifadhi ya Nairobi na abiria wangu, nadhani simba walishukuru. Siku hizi kiwanja chochote cha juu, Arusha, Kigali, Mbeya, naenda asubuhi, na mizigo napunguza, na kile kirungu chekundu navuta nyuma kidogo kidogo mpaka injini ichangamke.

Na Kilimanjaro jamani. Kila Mtanzania akiweka simyuleta cha kwanza anataka kupita juu ya Kibo. Mi mtoto wa pale pale, ndo kabisa. Nikachukua Cessna 172 ileile, nikazunguka nikipanda, kufika futi 13,000 ikawa inapanda kwa kuombaomba, na kitabu chake kinasema mwisho wake ni futi 14,000. Kilele kipo 19,341. Nilikuwa nauzunguka mlima kama nzi anazunguka sufuria iliyofunikwa, yale mabarafu nayaangalia kwa chini. Siku nyingine nikachukua Caravan, ile ya injini moja inayobeba watalii kwenda mbugani, hiyo kwa kitabu inafika futi 25,000, nikapanda vizuri tu, nafika juu, mawingu. Jioni. Na mi ni wa Moshi najua kabisa mlima unaamka uchi alfajiri, ikifika saa nne asubuhi umeshajitanda shuka, lakini kichwani niliweka simyuleta pembeni na nyumbani pembeni, kama vile ni vitu visivyojuana. Nilivyokwenda saa moja asubuhi ndo nikakiona kile kishimo cha Kibo kimekaa pale katikati kama jicho.

Nadhani hapo ndo nilianza kushtuka, kwamba yale ninayoyajua kwa miguu na kwa macho yangu yanafanya kazi mle ndani pia. Ila kilichonikamata hasa ni Desemba 2023.

Mnajua Desemba kwa Mchaga. Mji wote unapanda. Mwaka ule mi sikupanda, dukani ndo kipindi cha mauzo, na hela yenyewe ilikuwa ya kuungaunga, mke na watoto wakatangulia, mi nikabaki. Tarehe 23 usiku nyumba kimya, nikafungua kompyuta, nikasema basi leo naenda nyumbani, na naenda kwa njia ya basi. Siweki mstari wa kufuata kwenye skrini, sitazami ramani, nafuata barabara ile niliyoipita tangu nina miaka sita. Na kwa siku ile ule ugonjwa wangu wa muda wa kweli nikauweka kando, nikaweka saa kumi na mbili asubuhi, muda mabasi yanaondoka.

Nikapaa, nikatafuta barabara ya Morogoro, nikaishika Ubungo. Nikapita juu ya Kimara, juu ya mimi mwenyewe nimekaa na bukta naendesha ndege. Stendi ya Mbezi, Kibaha, Chalinze nikakata kulia. Mpaka hapo kama nimelala. Wami nikauona mto umejikunja kwenye pori, na mwili wenyewe ukakaza kidogo, maana lile daraja la zamani jembamba kila basi likikaribia abiria walikuwa wananyamaza. Mkata. Kabuku. Michungwani nikasikia harufu ya machungwa naapa, na chini kuna picha ya setilaiti tu.

Baada ya hapo naendelea na barabara yangu, raha, mikono imelegea. Dakika kama kumi naona kule mbele kitu cha bluu. Nikasema hilo ziwa gani? Nikasogea. Bahari! Bahari kwenda Moshi haipo. Kumbe Segera, pale panapogawanyika, kushoto Korogwe na kulia Tanga, mi nimenyoosha na barabara ya Tanga bila hata kujua kulikuwa na njia panda. Nikasimamisha nikacheka peke yangu, kwasababu jibu lilikuwepo: miaka yote hiyo kwenye basi, Segera mi huwa nimelala. Huwa naamka Korogwe basi likisimama watu wakachimbe dawa. Kile kipande sijawahi kukiona kwa macho, kwaiyo hata angani kilikuwa shimo.

Nikarudi mpaka Segera, nikaipita taratibu nikaiangalia vizuri. Korogwe mashamba ya mkonge yamepangwa mistari kama daftari, nikasimamisha ndege angani nikaenda chooni, maana Korogwe ni Korogwe. Mombo, na pale ule ukuta wa Usambara unainuka mkono wa kulia. Kwenye basi unaushangaa kwa chini, sasa mi nipo futi 4,500 na bado upo juu yangu, Lushoto ipo huko ndani imejificha. Hedaru, Makanya, Same, Upare nao ukaja kulia, kushoto tambarare kavu mpaka Bwawa la Nyumba ya Mungu. Afu baada ya Mwanga, kwenye ule ukungu wa asubuhi, ukatokea. Mweupe juu, chini hamna, kama umening'inizwa. Nimeuona ule mlima maisha yangu yote, na pale Kimara, saa nane usiku, mbele ya skrini yenye mstari umepasuka pembeni, nilipata kile kitu cha tumboni anachopata mtu akiwa kwenye basi akaanza kukusanya mizigo.

Sikutua moja kwa moja. Nikapita Moshi mjini nikapanda na mto Karanga kwenda Kibosho, nikitafuta nyumbani. Kanisa nililipata, shule nikaipata, nikahesabu kona. Nyumba yetu ipo, migomba imekuwa miti mirefu ya ajabu kama ya Ulaya, na pale penye banda la ng'ombe simyuleta imesimamisha nyumba ya vigae vyekundu, madirisha mengi, safi kabisa. Nikapiga skrinshoti nikamtumia Mama WhatsApp bila maelezo. Asubuhi naamka nakuta kanitumia sauti: "Mwanangu, hilo jumba la nani hapo bandani? Na ng'ombe wangu mmempeleka wapi?"

Pasaka nikapanda kweli, na laptopu ya kuazima nimeiweka simyuleta. Nikamkalisha Mama pembeni. Miwani kaivaa, kitenge kakifunga vizuri kama anasafiri. Mi nilishazoea kupaa futi elfu tatu, nne, yeye hataki, "shuka, shuka, kutoka huku juu nitamjuaje mtu?" Ndo akawa ananiongoza, hapo ni kwa fulani, hapo shamba lilikuwa letu babu yako akaliuza, hapo kulikuwa na mti mkubwa tukikaa siku ya soko. Vingine kwenye skrini havipo kabisa ila yeye anavionyesha kwa kidole, na mi nageuza ndege kwenda anakoonyesha. Kwa ajili ya kumfurahisha nikashuka mno, nikakata kona nimepunguza mwendo, ndege ikalala upande, tukaingia Karanga na bawa moja.

Skrini ikawa nyeusi. Mama akaiangalia, akaniangalia.

"Tumekufa?"

"Tumekufa Mama, tunaanza upya."

"Haya, ukiamka nipeleke Usangi kwa dada yangu. Kwa basi mgongo unaniuma."